Si Timba, ni Kijiti

Mke wa mwanangu alikuwa akisema na kuku, na mimi nilikuwa nikisikia kila neno.

Nyumba yangu iko Nyasubi, hapa Kahama, nyumba ya kawaida ya tofali za kuchoma, yenye baraza la saruji linalotazama uani. Mimi huketi barazani na simu yangu. Yeye alikuwa akiketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, akichambua mlenda au kupepeta mchele. Kati yetu hapakuwa na kizuizi chochote ila kamba ya nguo. Kuku mwenyewe alikuwa tetea wa madoadoa ambaye kidole chake kimoja kilikatwa na mlango wa bati, akawa anatembea kama mtu anayeogopa miiba.

"Kuku wewe," alisema siku moja, "una bahati, basi tu hujui. Jogoo wako ukimtaka unamkuta hapo kwenye kokoto. Wa kwangu yuko Geita, anakula ugali wa kununua na kulala chini ya turubai."

Nikakohoa. Yeye akaendelea kupepeta.

Niseme kwa msomaji asiyetoka huku. Mimi nililelewa kijijini, upande wa Shinyanga, katika boma ambamo mkwe aliheshimiwa kiasi cha kuogopwa. Mama yangu akimwona mume wa dada yangu njiani, alitoka njiani akageukia vichaka mpaka yule apite. Mkamwana na baba mkwe walisalimiana, mkamwana amepiga magoti, macho chini, basi. Mjini mambo haya yamelegea. Majirani zangu wanakula meza moja na wakamwana wao na kugombania rimoti. Lakini mwanangu alipooa, mimi nilitaka heshima ya zamani, na mke wangu, alipokuwa hai, akamfundisha binti yule namna yake.

Salamu zilipita kati yetu. Chumvi imeisha, mtoto ana homa, fundi bomba amekuja: hayo yalipita. Ombi ndilo halikupita. Mkamwana hamwombi baba mkwe kitu uso kwa uso. Ombi hupitia kwa mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba nilikuwa nimeshamzika. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya wazee: unamwambia mbuzi, au kinu, au mtoto mchanga, wakati mkwe yuko karibu. Mkwe hajibu, kwa kuwa si yeye aliyeambiwa. Lakini akishasikia, anatenda.

Alichokuwa akiomba ni ruhusa ya kuchukua watoto na kwenda kuishi na mumewe. Mwanangu anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huja nyumbani sikukuu hadi sikukuu. Nilielewa ombi lile tangu mara ya kwanza. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba machimboni si mahali pa kulelea watoto, na pengine ni kweli, lakini haikuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa uji wa ulezi wa asubuhi, mashati yaliyopigwa pasi, na sauti za watoto ndani ya nyumba ambayo bila wao ingekuwa kimya. Mila ikanipa mahali pa kujificha. Aliyesema na kuku hana haki ya kudai jibu kwa mtu.

Sasa nieleze habari ya simu.

Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa Shinyanga mjini, alianzisha kamusi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuandika ndani yake. Haikuwa kamusi ya maneno. Ilikusanya mambo yanayojirudia katika hadithi za watu wetu: zimwi linalotambuliwa kwa mkia, mtoto wa mwisho anayeokoa wakubwa zake, mama wa kambo anayetuma maji yachotwe kwa kikapu. Kila jambo la namna hiyo lilipewa ukurasa wake, na chini yake mifano. Tulikuwa na kundi la kujadiliana kwenye simu, na humo kijana mmoja wa Runzewe, muuza spea za pikipiki aliyewahi kuchimba, ndiye aliyetupa jina la kuyaita mambo hayo. Alisema hadithi ni kama duara la dhahabu. Kila moja inachimbwa mahali pake, lakini zote husimama kwa matimba, yale magogo yanayopangwa ukutani ili udongo usiporomoke. Ukilitoa timba, hadithi inakufukia. Tukalipenda neno, likabaki.

Sheria yetu ilikuwa nyepesi. Ili timba lipate ukurasa wake, lipatikane katika hadithi tatu za wasimulizi tofauti, na lisiwe limeshaelezwa kwenye ukurasa mwingine. Pakitokea ubishi, uamuzi ulikuwa wangu. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya mvi, na kwa sababu nimesoma hadi kidato cha nne cha enzi zile na bado naweka nukta na mkato mahali pake. Niliipenda kazi ile kuliko inavyofaa. Karani mstaafu wa ghala la pamba haulizwi mambo mengi.

Kwa majivuno hayohayo nilimtumia mwanangu kiungo cha kujiunga. Mwanangu hapendi kusoma. Akakirusha kwa mkewe.

Ndivyo alivyoingia. Kwa kuwa alizaliwa Mwadui, ambako baba yake alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi, alijiandikisha kama Binti wa Mwadui. Mimi nilikuwa Mzee wa Nyasubi. Alijua ni mimi, nami nilijua ni yeye, na hakuna aliyesema. Mara nyingi tulikuwa sote wawili nyumbani, yeye uani, mimi barazani, tukisoma maneno yaleyale.

Kwa muda mrefu hakuandika chochote. Kisha siku moja ukurasa mpya ukatokea: *Mkwe anayesema na mnyama*.

Alikuwa ameuandika vizuri, nakiri. Mfano wa kwanza ulitoka kwa bibi yake. Kijana alimwona nyoka akitambaa kuelekea pale mama mkwe wake alipojilaza kivulini. Hakuweza kumwita wala kumkaribia. Akamfokea mbuzi aliyefungwa kando: "Wewe mbuzi, hama hapo upesi, nyoka anakuja upande wa kichwani!" Mama mkwe akasikia, akahama, wala hakugeuka kumtazama kijana. Mfano wa pili aliusikia kwa wanawake waliokuwa wakitwanga. Mwaka wa njaa, mkwe wa kiume alipita kumsalimu mkewe kwao, akamsikia mama mkwe ndani akikiambia kinu: "Pumzika, rafiki yangu, sina cha kukupa." Kesho yake gunia la mtama lilikutwa mlangoni, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Mfano wa tatu ulikuwa mfupi. Nauandika kama nilivyousoma:

"Katika nyumba moja ya mjini, siku hizi, mkamwana humwambia kuku kwamba anataka kumfuata mumewe. Baba mkwe hukohoa. Mfano huu bado haujafika mwisho."

Niliangalia uani. Alikuwa akianika nguo, mgongo kwangu. Hakuna aliyekuwa akijua nyumba ile ni ipi, isipokuwa yeye na mimi. Na bado niliona kama Kahama nzima imekusanyika kwenye geti langu.

Kundini mjadala ulikuwa umeanza.

"Wajumbe," aliandika mwalimu, "ukurasa huu nimeupenda, ila nauona mwembamba. Mkwe tu? Mnyama tu? Si tunao ukurasa wa Kijembe? Unamsema paka ili jirani aumie. Hiki si hichohicho?"

"Mwalimu, kijembe kinakata," akajibu kijana wa Runzewe. "Hiki kinabembeleza. Si sawa hata kidogo."

"Wewe umeoa lini ukajua kubembeleza?"

"Natafuta ng'ombe za mahari, mwalimu. Spea zikitoka, naoa hata Jumamosi hii."

"Utabembeleza na spea zako. Mzee wa Nyasubi yuko wapi? Atuamulie."

Kijana alikuwa ameshika nusu ya jambo, na nusu ya pili nilikuwa nayo mimi. Kijembe kinataka mtu aumie, na kikishamfikia, kimekwisha. Lakini ombi linalopitishwa kwa mbuzi linamfunga anayelisikia. Ukisikia, huna budi kutenda, na kwa kuwa hukuulizwa, huwezi hata kujitetea. Hilo halikuwa kwenye ukurasa wowote wa kamusi yetu. Mtu aliyelelewa kama mimi alilijua tangu anachunga ndama. Lilitosha kabisa kuupa ukurasa ule haki ya kusimama peke yake, na katika kundi zima hakukuwa na mtu wa kulisema isipokuwa mimi na yeye.

Nikaandika hivi:

"Mifano miwili ni hadithi. Wa tatu si hadithi, ni umbea wa uani. Jambo lisilo na mwisho haliwezi kuwa mfano. Kwa hiyo tuna miwili, na sheria inataka mitatu. Na hata ingekuwa mitatu, hili si timba, ni kijiti cha kuchokolea meno. Liunganishwe na Kijembe."

Kundi likalipuka kwa vicheko. "Mzee umeua!" "Kijiti!" Kijana wa Runzewe mwenyewe akaandika, "Haya, nimenyoosha mikono. Kijiti!" Mwalimu akaunganisha kurasa. Mifano miwili ikahamishiwa chini ya Kijembe. Wa tatu ukafutwa.

Wakati huohuo nilisikia simu ikilia mlio mfupi uani, halafu mwingine, halafu mfululizo. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akaitoa, akasoma. Mimi nilikuwa nimeinamia yangu. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Kisha kundini, kati ya vicheko vile, pakatokea ujumbe wa Binti wa Mwadui:

"Wabeja, mzee. Nimeelewa."

Wabeja ni ahsante kwa Kisukuma. Tangu aolewe, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu ambayo hayakuwa salamu wala habari za nyumba. Aliilaza simu kifudifudi kwenye kigoda, akachukua ungo. Kuku akaja akasimama karibu na mguu wake kama alivyozoea. Akamtupia chenga. Hakumwambia kitu.

Hakumwambia kitu siku iliyofuata pia, wala wiki ile, wala mwezi ule.

Uji ulikuja kama kawaida. "Shikamoo baba," magoti chini. "Marahaba, mwanangu." Mashati yalipigwa pasi. Hakuna aliyeweza kusema amebadilika. Ila uani palikuwa na kimya nilichoanza kukisikiliza kuliko nilivyowahi kuyasikiliza maneno. Nilikuwa nikimwona kuku anazungukazunguka miguuni pake, anainua shingo, anangoja, kisha anaondoka. Mara moja nilikohoa tu, bila sababu, kama mtu anayebisha hodi. Hakugeuka.

Kundini neno langu lilikuwa limeshapata umaarufu. Mtu akileta jambo dogo, wanamjibu "kijiti!" na kunitaja. Kila walipocheka, simu ya uani nayo ililia.

Kisha mwanangu akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Tumepanda daraja kidogo, baba. Nimepata chumba hapa mjini Geita, cha tofali. Nilikuwa nataka mama watoto aje, lakini amesema umekataa."

"Nimekataa lini?"

Akasita. Mwanangu naye ananiogopa. Hilo nalo nililijenga mwenyewe.

"Anasema aliomba, baba. Anasema alipoona jibu lako, akaona aache. Amesema hataomba tena, na nisikusumbue. Mimi nimepiga kukusalimu tu."

"Yeye ndiye aliyesema usinisumbue?"

"Ndiyo, baba. Ameniambia wewe ni mzee, nani atakupikia."

Nikamwambia salama, nikakata. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazimika. Nilikuwa nimemwita mmbea mbele ya watu, na yeye alikuwa amebeba sababu yangu ya siri akaifanya yake, ili mwanangu asinione vibaya.

Nilishuka barazani. Ilikuwa saa nne za asubuhi, jua limeshakuwa kali. Alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Mjukuu wangu wa kike alikuwa amechuchumaa akichora chini kwa kidole. Kuku alikuwa chini ya kivuli cha pipa la maji. Nilisimama mbele ya pipa nikajikuta sijui nianzie wapi. Miaka yote nimekuwa upande wa kusikia.

"Kuku wewe," nikasema.

Mjukuu akainua kichwa. "Mama! Babu anaongea na kuku!"

"Nyamaza," mama yake akasema bila kunitazama. "Mwache babu aseme."

Nikashika ukingo wa pipa.

"Kuku wewe, mimi nimekusikia tangu ulipokuwa na vidole vyako vyote. Si kwamba sikusikia. Chumba kipo Geita, cha tofali. Shule zikifungwa, watu waende. Uji najua kuupika. Nikiuunguza, nitaunywa hivyohivyo."

Sufuria zilinyamaza. Nikaona nina deni la neno moja zaidi, lililokuwa gumu kuliko yote.

"Na kule kwenye simu, kuku, nilisema uongo. Halikuwa kijiti."

Hakujibu, kwa kuwa hakuambiwa yeye. Baada ya muda nikasikia sufuria zikianza tena kusuguliwa, taratibu. Nilipofika barazani ndipo nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Umesikia, kuku? Basi utabaki na mzee. Usimdonoe."

Shule zilipofungwa wakaondoka, yeye na watoto wawili na mabegi na ungo wake. Stendi alipiga magoti kwenye vumbi kuniaga, nami nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikashangaa kuona ana mvi mbili tatu juu ya sikio. Kaja kwangu akiwa binti.

Wiki hiyohiyo nilirudi kundini nikaomba ukurasa ufunguliwe upya. Nikaandika hoja yote ambayo mwanzo niliificha, kuhusu ombi linalomfunga msikiaji, na kwa nini haliwezi kukaa nyumba moja na kijembe.

"Mzee, hoja ni nzuri," mwalimu akaandika. "Mbona hukuisema siku ile? Na mfano wa tatu bado tunaukosa. Wewe mwenyewe ulisema ni umbea, hauna mwisho."

"Sasa una mwisho," nikaandika. "Na si umbea. Mzee anayekohoa ni mimi."

Mimi huona mtu anapoandika na kufuta; waliandika na kufuta wengi. Wa kwanza kuthubutu alikuwa kijana wa Runzewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Basi na kuku naye aandikishwe kundini. Ametuzidi sote kwa uvumilivu."

Watu wakacheka, kidogo, kwa adabu. Sikuwa na haki ya kukasirika. Baadaye kijana huyo akaongeza peke yake kwamba kwao kwa Wasumbwa kuna hadithi ya mkwe anayesema na ng'ombe, akauliza aandike. Mwalimu akamwambia aandike.

Ukurasa ukarudishwa kwa jina lake la kwanza. Mwalimu ndiye aliyeuandika upya mfano wa tatu, kwa wema wake, na nadhani kwa kunihifadhi. Aliandika: "Katika nyumba moja ya mjini, mkamwana alimwambia kuku mweupe kwamba anataka kumfuata mumewe. Baba mkwe mwenye busara akasikia, akampa ruhusa." Nikausoma mara nyingi. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa na mwisho, na mtu asiyejua angesema timba lile limesimama barabara. Ningeweza kuuacha.

Nilifuta neno "mwenye busara". Kisha, baada ya "akasikia", niliongeza: "siku ya kwanza, akajifanya hakusikia kwa misimu miwili ya mvua, kwa sababu alipenda kupikiwa. Aliyesema alipoandika habari hiyo, mzee alimcheka mbele ya watu." Nikabonyeza hifadhi kabla sijapata nafasi ya kutafuta lugha laini zaidi.

Kamusi ile huonyesha kila aliyegusa ukurasa na alichobadilisha. Siku chache baadaye niliona kwamba Binti wa Mwadui ameingia. Nakiri nilikuwa nikitegemea kitu. Nilitegemea kwamba ataipunguza ile sentensi, kama alivyonipunguzia kwa mwanangu. Ataandika labda kwamba mzee alikuwa mpweke, au kwamba mwishowe alijuta.

Alikuwa amebadilisha neno moja. Palipoandikwa kuku mweupe, aliandika kuku wa madoadoa.

Sentensi yangu hakuigusa. Ipo mpaka leo, yeyote anaweza kuisoma. Kuku naye yupo, anakuja miguuni pangu asubuhi ninapopuliza jiko, anainua shingo na kungoja. Namtupia chenga. Bado sijui nimwambie nini.